Nyama choma hailindi ini, jamani tusidanganyane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na naomba radhi mapema maana barua yenyewe ni ndefu, ukiona haitoshi kata popote ila ile sehemu ya nyani iache.

Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja, sitaki kumsema vibaya maana inaonekana ni mtu wa watu, aliandika kwamba wanaokufa kwa ini ni walevi wasiokula na wale wa gongo, ila mtu mwenye akili zake akinywa bia ya chupa, akala nyama choma na ndizi, asubuhi akapata supu ya kuzimua, ini lake liko salama salmini. Na chini yake, ukurasa ule ule, mkaweka tangazo la dawa ya kusafisha ini. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasikia kwa shemeji yangu miaka na miaka, kwa uhakika ule ule, na shemeji tumeshamzika.

Shemeji alikuwa na bucha. Sasa mtu mwenye bucha yake utamwambia nini kuhusu kula? Steki anachagua mwenyewe, supu ya asubuhi ya kwake, maini anapeleka nyumbani kila Jumamosi. Gongo hakuwahi kuigusa, hata mbege alikuwa anaonja tu kwenye shughuli asionekane ana maringo. Yeye ni bia zake tano kila siku, zile za nusu lita, kuanzia saa 12 jioni, karibu miaka 20. Hajawahi kupiga mtu, hajawahi kulala mtaroni, na bucha ilikuwa inafunguliwa saa 12 asubuhi bila kukosa, yaani ungemuita mlevi hata watoto wake wangekushangaa.

Tupige hesabu kidogo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe yenyewe. Tano zinakuwa gramu 100. Ini la mtu mzima linachoma kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, kwa hiyo hizo 100 zinataka saa 10 mpaka 14. Ameanza saa 12 jioni, anafungua bucha alfajiri ini bado linahangaika na bia za jana, linapumua kidogo mchana, jua likizama linaanza upya. Chakula kinasaidia kitu kimoja, pombe inaingia kwenye damu polepole, kichwa hakizunguki haraka, hapo msomaji wetu kasema kweli. Ila polepole au haraka, karibu pombe yote itapita kwenye ini tu.

Na ikifika kwenye ini inaenda wapi? Hapo ndo watu wengi hawapajui, na hata madaktari wetu kwa haraka zao hawapaelezi. Ndani ya kila seli ya ini kuna vidude vinaitwa mitokondria, kama 1,000 mpaka 2,000 kwenye seli moja. Shuleni tuliambiwa ni jenereta ya seli, tukaandika kwenye daftari tukasahau. Kazi yake inachukua mafuta na sukari na oksijeni inatoa nguvu ambayo seli inaishi nayo, na ini ni kiwanda cha kazi ngumu kwa hiyo linazihitaji nyingi.

Pombe ikiingia kwenye seli inageuzwa mara mbili. Mara ya kwanza, nje ya mitokondria, inakuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kuliko pombe yenyewe. Mara ya pili asetaldehaidi inaingizwa ndani ya mitokondria ikageuzwe kuwa asetati ambayo haina shida sana. Yaani kazi chafu ya kuondoa sumu inafanyika ndani ya jenereta, sijui nani aliyepanga hivyo. Na hatua zote mbili zinahitaji kibebeo kinaitwa NAD, hiki mi huwa nawaeleza watu kwa bodaboda: NAD ni bodaboda ambayo haina abiria, inapakia haidrojeni inaipeleka kwenye mitokondria, inashusha, inarudi kijiweni. Pombe ikija inapakia bodaboda zote. Mafuta nayo yako kijiweni yanasubiri usafiri ili yachomwe, bodaboda hamna, yanasubiri, yanasubiri, mwisho yanajengewa banda hapo hapo kwenye seli. Ndo ile ultrasaundi inaandika "ini lina mafuta". Watu wanadhani ni mafuta ya kitimoto, kumbe kwa mnywaji kinachochangia sana ni mafuta kukosa kuchomwa kwa sababu jenereta imeshikwa na pombe. Kwa wanywaji wakubwa hali hii inawapata karibu watu 9 kati ya 10, na hawajisikii chochote.

Kama ingekuwa siku moja moja, kesho yake bodaboda zinarudi maisha yanaendelea. Shida ni miaka. Mitokondria ikilishwa pombe kila siku kwa miaka inabadilika yenyewe, na hili si neno la kutungwa kanisani kututisha, mtu anaweka kipande cha ini kwenye darubini ya elektroni anaiona, imevimba, umbo limeharibika, kuta zile za ndani ambazo zinatakiwa ziwe zimekunjwa kunjwa vizuri zimevurugika. Nyingine zinakuwa majitu, mitokondria moja inakaribia ukubwa wa kiini cha seli, hadi inaonekana kwa darubini ya kawaida.

Kwa nini inafika huko? Mitokondria ina DNA yake yenyewe, ndogo, jeni 37 tu, na iko karibu kabisa na pale moto unapowaka. Moto ukiwaka vibaya zinaruka cheche, zile wanaita radikali huru, na pombe ya muda mrefu inaziongeza sana, kwanza kwa sababu jenereta imebanwa, pili kwa sababu ini la mnywaji linaongeza kimeng'enya, yaani protini inayogeuza kitu kuwa kingine, kinaitwa CYP2E1 ili kumaliza pombe haraka. Hiki ndo kinachangia yale majigambo ya "mi bia hazinishiki siku hizi", mtu anaona ni ushujaa, kumbe ini limeajiri kibarua anayefanya kazi haraka ila anamwaga cheche kila kona. Cheche zinaipiga ile DNA ndogo, asetaldehaidi nayo inajibandika kwenye protini kama ulimbo, na vile viwanda vidogo vya kutengeneza protini humo ndani vinachoka. Protini 13 ambazo mitokondria inajitengenezea yenyewe zinapungua.

Kuna ushahidi mmoja hapa mi unanipendeza sana kama mtu wa maabara. Mstari wa kuzalisha nguvu una mitambo mitano. Minne kati ya hiyo ina vipuri vinavyotoka kwenye DNA ya mitokondria yenyewe, mmoja, ule wa pili, vipuri vyake vyote vinaletwa kutoka kwenye kiini cha seli. Panya wakinyweshwa pombe muda mrefu, ile minne inadhoofika, ule mmoja unabaki karibu mzima. Kama tatizo lingekuwa njaa au lishe mbovu tu, mbona ule mmoja nao usingedhoofika? Sumu inajulikana imepiga wapi.

Na seli si kwamba haina zimamoto, inayo, inaitwa glutathioni. Ila mitokondria haiwezi kuitengeneza, inaagiza kutoka nje, na pombe ya miaka inaongeza kolesteroli kwenye ukuta wake, ukuta unakakamaa na mlango wa kuingizia glutathioni unagoma. Moto unaongezeka ndani, maji yako nje ya mlango.

Hapa nichomekee la panadoli, maana naona kila kijiwe mtu ana hangova anameza mbili asubuhi, mbili mchana. Kile kibarua CYP2E1 akikutana na panadoli anageuza sehemu yake kuwa sumu, na kinachozima sumu hiyo ni glutathioni ile ile ambayo kwa mnywaji wa kila siku imepungua, na sumu hiyo nayo shabaha yake ni mitokondria. Sisemi kidonge kimoja kitakuua, nasema mnywaji wa miaka asijimezee tu akadhani anajitibu, amuulize daktari kiwango chake.

Sasa nyani.

Hoja ya "kula vizuri" si ya vijiweni tu, wakubwa wa sayansi nao waliishikilia. Mwaka 1949 Charles Best, huyo huyo aliyeshiriki kugundua insulini kule Toronto, yeye na wenzake waliandika kwamba pombe haina ushahidi wa kuwa sumu kwa seli za ini kuliko sukari ilivyo, tatizo ni mlevi hali chakula. Ikakaa hivyo miaka. Akaja Charles Lieber, New York, hakukubali. Kwanza panya hawapendi pombe, ukiwawekea hawanywi ya kutosha, kwa hiyo yeye na Leonore DeCarli wakatengeneza chakula cha maji chenye kila kitu na pombe humo humo, hata panya akikataa ananywa kwa sababu ndo chakula chenyewe. Halafu wakaenda kwa binadamu waliojitolea, watu wasio walevi, mwaka 1968 yeye na Emanuel Rubin wakaonyesha kwamba hata ukimlisha mtu vizuri, protini nyingi, ukimpa na pombe, kwa siku chache tu ini linaanza kujaza mafuta na mitokondria zinaanza kuharibika umbo. Siku, sio miaka.

Bado watu wakasema sawa mafuta yanakuja ila makovu je? Ndo wakaletwa nyani. Wakalishwa chakula kamili, vitamini, protini, kila kitu, na nusu ya kalori zao zikatoka kwenye pombe, hadi miaka 4. Pembeni nyani wengine chakula kile kile bila pombe. Wenye pombe wakapata mafuta kwenye ini, baadhi ini likapata uvimbe kama la mlevi, na baadhi wakafika kwenye sirosisi kabisa, ini makovu matupu. Wasio na pombe wakabaki wazima. Matokeo yakatoka miaka ya 1974 na 1975. Nyani hakunywa gongo, hakukosa mlo, hakulala njaa, hakuwa na mawazo ya ada za shule. Ningependa yule msomaji anieleze nyani yule alikosea wapi. Sikatai, lishe mbaya inaongeza ubaya juu ya ubaya, na si kila mnywaji anafika kwenye makovu, kama 1 au 2 kati ya 10 wa wanywaji wakubwa ndo wanafika huko, wanawake wanafika kwa kiasi kidogo zaidi cha pombe kuliko wanaume. Ila kusema sahani inakinga, hapana.

Kuhusu gongo. Ni kweli inaua, na ikichanganywa methanoli, ile pombe ya sumu ya viwandani, inaua ndani ya siku mbili tatu, majirani zetu Kenya wameona, Kirinyaga Februari 2024 walikufa watu 17. Methanoli nayo, kama hujui, kazi yake inafanyia kwenye mitokondria, mwili unaigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoziba hatua ya mwisho kabisa ya kutumia oksijeni, ndo maana watu wanapofuka, mshipa wa jicho unakosa nguvu. Lakini hiyo ni ajali, ile pombe ya kila siku ni mshahara wa kila mwezi. Pombe iliyomo kwenye gongo isiyochakachuliwa, kwenye mbege, ulanzi, wanzuki, bia ya chupa na mvinyo wa kwenye glasi ndefu ni moja, ethanoli, seli ya ini haisomi lebo. Tulivyofurahi viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilidhani tutaongea na haya mengine, hatujaongea.

Nirudi kwa shemeji. Siku moja akaja maabara kwangu, si kwa ini, alisema miguu inavimba jioni. Nikamtoa damu. Kwenye karatasi ya vipimo vya ini kuna namba mbili watu wanaziona hawazielewi, AST na ALT, karatasi za zamani ziliandika SGOT na SGPT. Zote ni vimeng'enya ambavyo vinatakiwa vikae ndani ya seli, zikipanda kwenye damu maana yake seli zinavuja. ALT nyingi inakaa kwenye maji maji ya seli. AST sehemu yake kubwa kwenye ini inakaa wapi? Ndani ya mitokondria. Kwa hiyo mgonjwa wa homa ya ini ya virusi mara nyingi utakuta ALT iko juu kuliko AST, ila mnywaji wa miaka mambo yanageuka, AST inaizidi ALT mara mbili au zaidi, kwa sababu kilichopasuka si ukuta wa nje tu, ni jenereta zenyewe, na pia kwa sababu wanywaji wanapungukiwa vitamini B6 ambayo ALT inaihitaji. Na namba zenyewe sio za kutisha, mara nyingi AST haivuki 300, ndo maana mtu akiona haifiki 1,000 kama za mwenye virusi anafurahi anaenda kusherehekea. Ya shemeji ilikuwa AST 164, ALT 61. Sikuhitaji kumuuliza anakunywa au hanywi.

Nikamwambia shemeji hizi namba zinanisikitisha. Akaniambia, we mtu wa maabara kila siku unakaa na mikojo ya watu utajua nini kuhusu afya, njoo bucha nikupe maini upate damu.

Seli za ini zinakufa kwa mpangilio, hili nalo niliseme. Damu inaingia kwenye kipande cha ini upande mmoja inatokea upande mwingine, seli za mwanzo zinapata oksijeni ya kutosha, za mwisho zinapata mabaki, kama bomba la maji la mtaa wetu huku mlimani, wa mwanzo wakifungulia wote sisi wa mwisho tunapata upepo. Ini lililozoea pombe linavuta oksijeni nyingi kuliko kawaida, na seli za mwisho ndo zenye kile kibarua CYP2E1 kwa wingi, kwa hiyo kiu na cheche vinakutana kwa watu wale wale. Mitokondria zikizidiwa zinafungua matundu, seli inakufa, na panapokufa seli mara kwa mara panajengwa kovu. Ini lenyewe ndani halina mishipa ya kuhisi maumivu, mtu anasubiri liume ndo aache, haliumi, linakuja kujitangaza kwa macho ya njano na tumbo kujaa maji. Shemeji alitangaziwa hivyo, tumbo, kwenye harusi ya binti yake, suti haikufunga.

Kuna watu wataniambia hizi mitokondria ni nadharia za wazungu. Wazee wa CTC, kliniki za VVU, wanaokumbuka ile dawa ya zamani ya VVU, stavudine, miguu kuwaka moto, mashavu kuingia ndani, wanajua mitokondria ikiguswa mwili unakuwaje, ile dawa ilikuwa inazuia DNA ya mitokondria kujinakili, na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwishoni mwa 2009 wakasema iachwe taratibu.

La dawa ya kusafisha ini nimeliacha mwisho makusudi. Hakuna cha kusafisha, Mhariri. Ini si bomba la jikoni lililoziba. Kinachofanya kazi ni kuacha, na hapo kuna habari nzuri ambayo hailipiwi tangazo: mtu akiacha kabisa, mafuta yanaondoka ndani ya wiki chache, seli inazila mitokondria mbovu yenyewe na kutengeneza mpya, bure, bila chupa ya elfu arobaini. Makovu ndo mengine, hayo hayaondoki kirahisi hivyo, ila hata mwenye makovu akiacha anaongeza miaka. Na anayekunywa sana kila siku asikatize ghafla akiwa peke yake nyumbani, kutetemeka na degedege vipo na vinaua, aende hospitali aseme ukweli, wamuachishe kwa utaratibu.

Ombi langu ni dogo. Mliipa ile barua nusu ukurasa na picha ya mishikaki juu. Hii ipeni ukurasa ule ule, na hiyo wiki lile tangazo lipumzike. Mkiona nyani hawatoshi, karatasi ya shemeji ninayo, nimekata jina, mnaweza kuichapa, namba zinasomeka.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mtu wa maabara mstaafu, Moshi